Kitenge cha Buluu cha Wanawake wa Kampemba

Alima, au Mama Yassine kama mtaa mzima wa Kampemba, mjini Lubumbashi, ulivyomwita, alishona nguo barazani kwa marehemu baba yake, Mmanyema aliyekuwa fundi vilevile. Mdomo wake haukuwa na breki. Wateja walimvumilia kwa sababu mshono wake haukufumuka.

Miaka ile migodi ya shaba ilikuwa imelala chali, wanaume wameachishwa kazi, na vita vya kaskazini vilimwaga watu mjini. Domitille alitoka huko upande wa Mitwaba na binti yake Précieuse, wakiwa na nguo walizovaa tu. Alima akampa kazi ya kutia vifungo. Walipendana sana, wakagombana kila siku.

Halafu kampuni moja ya makaa ya mawe ikayataka mashamba waliyoyaacha wakimbizi. Sheria ilidai wananchi wasikilizwe kwanza, na kwa kuwa njia ya huko haikupitika, kikao kikafanyika Lubumbashi. Watu wachache walisimama kupinga. Nyuma ya ukumbi vijana wa kukodiwa walinong'onezana, wakiwatia alama kwa nguo: yule wa shati jekundu, yule wa kilemba cha njano. Jioni waliosimama walipigwa, kila mmoja mlangoni kwake. Polisi wakasema hawakuona kitu, na ni kweli, walikuwa wanaangalia kando.

Kikao cha pili kilipotangazwa, Domitille alisema atasimama yeye. Mume wake alizikwa huko, ndani ya shamba lao.

"Batakuua, Mama Précieuse."

"Basi banikute nasema."

Alima akasonya. Lakini kesho yake alikuja na wazo alilolitoa kwenye harusi na vilio, ambako wanawake huvaa sare.

"Tuvale namna moja shiye bote, na vilemba. Batasema ule wa nini?"

Akawashonea wanawake wa mtaa kitenge cha buluu mpaka mgongo ukamuuma. Na kweli, hila ile ilifaulu! Domitille alisimama, akaeleza habari za shamba na kaburi, akaketi, akapotelea kati ya wenzake. Vijana walibaki wametoa macho tu. Alima alicheka njia nzima.

Hofu ilimpata walipofika nyumbani.

"Hii kilamba hapana kuvala tena. Muifiche!"

"Ndiyo, Mama Yassine," wakajibu wote, Domitille akiwamo.

Wote wakaficha nguo zao za buluu. Wiki hiyohiyo Domitille alifua nguo yake ya kila siku, mvua ikanyesha, haikukauka. Unga ulikuwa umekwisha ndani. Akavaa ya buluu, akaenda sokoni, na soko zima yeye peke yake ndiye aliyevaa kitenge kile. Vijana wale walimpiga hapohapo, kati ya meza za mboga, mpaka akafa. Polisi hawakuona kitu. Ripoti ya kikao ikaandikwa kwamba wananchi wameridhia.

Kwenye kilio wanawake walikuja kila mmoja na rangi yake. Sare hakuna aliyeitaja. Précieuse akamsogelea Alima.

"Mama Yassine, hatuna kilamba ya kumuzikia."

Alima akafungua sanduku lake. Lilijaa hadi juu: magauni ambayo wateja hawakurudi kuyachukua, vitenge vya akiba, na nguo yake ya buluu aliyoificha chini kabisa. Alikuwa amemwambia mwenzake afiche nguo, bila kumuuliza atabaki na nini. 

Akachagua gauni zuri kuliko yote, akalipiga pasi huku analia. Walipomvika Domitille, lilimkaa sawasawa. Halikuhitaji kupunguzwa popote.