Skrini Pana na Mbuzi Watatu wa Masii

Hii hadithi huwa siisimulii kama mke wangu Mueni yuko karibu, kwa sababu atanikatiza aongeze chumvi, na, haki ya Mungu, haihitaji chumvi. Aibu niliyoipata siku hiyo kule Kathiani kwa wakwe, mbele ya watu kama ishirini waliovaa nguo za kanisa, naikubali yote ni yangu. Sikusukumwa na mtu.

Miaka hiyo nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Machakos, chumba kimoja tu juu ya duka la mbegu, na muuzaji fulani akamletea mkuu wetu skrini mpya, naye akanipa wiki moja niijaribu niseme kama inafaa kununuliwa. Jamani, hiyo skrini! Sisi tulikuwa tumezoea zile za mgongo mkubwa, za kubebwa na watu wawili huku wakigombana, na hii ilikuwa nyembamba, pana ya kwenda pembeni, na ilikuwa ya kompyuta na ya televisheni kwa pamoja. Unachomeka kompyuta hapa, waya wa eriali pale, unabonyeza rimoti, taarifa ya habari hiyo. Unabonyeza tena, barua yako hiyo, kurasa mbili zimekaa bega kwa bega na herufi safi mpaka unaona koma uliyoweka mahali si pake. Kijani chake kilikuwa kijani cha mahindi ya Desemba (mvua ikiwa imenyesha, mnajua kwetu). Nilikuwa naitazama mpaka chai inapoa.

Sasa, wiki hiyo hiyo tulikuwa na mkutano Kathiani wa kupanga harusi. Ntheo tulikuwa tumeshapeleka, wale mbuzi watatu wa kuposa ambao Mkamba akishawapokea basi msichana ni wenu, lakini baba yake Mueni, Mzee Nzioka, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa ametuzungusha miezi mitano bila kutoa tarehe na bila kusema sababu. Nikajiambia, mzee anapenda habari, anapenda vitu vya elimu, akiiona hii skrini ataniona mtu wa maana. Nikaipakia kwenye pikapu ya mjomba wangu Mutiso, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, pamoja na kompyuta na kaseti ya video ya siku ya ntheo. (Mkuu wa chuo hakujua. Aliniambia niijaribu, hakusema wapi.)

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nikaandika jina la mzee kwa herufi kubwa, akavaa miwani, akalisoma kwa sauti, akasema, "Ningekuwa na hii shuleni, hata wale wa nyuma wangesoma." Nikaweka televisheni, wakapiga makofi. Kisha nikatia kaseti kwenye deki ya mzee, na picha ikatokea katikati tu, pembeni kukabaki weusi huku na huku.

"Mbona haijai?" akauliza Syombua, shangazi yake Mueni. "Imeharibika?"

Ningemwambia tu kwamba picha ya kaseti ni ya umbo la zamani na skrini haina shida yoyote. Lakini niliona aibu kwa niaba ya skrini (ndiyo, nilikuwa nimefikia hapo), nikabonyeza kitufe cha kutanua, picha ikajaa ukuta kwa ukuta, nami nikakunja nne.

Kwanza akatokea mama yangu pale nyumbani Masii, na akina mama wakasema amenawiri. Mjomba Mutiso, mwembamba wa kuzaliwa, akajiona ana kifua, akafurahi, akaweka koti sawa. Halafu wakaonekana wale mbuzi wakipakiwa kwenye pikapu. Wuui! Matumbo huku na huku, viuno hivi, ungedhani ni ndama.

Mzee Nzioka akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Simamisha hapo."

Nikasimamisha.

"Mutiso," akasema polepole, "idadi ni ile, rangi ni zile. Lakini hao sio walioshuka hapa kwangu. Hao wanono mliwaacha wapi?"

Hapo ndipo nilielewa ile miezi mitano: mbuzi tuliomletea hawakumridhisha. Mjomba akasimama. "Mzee, naapa, hatukusimama mahali isipokuwa Machakos kuweka mafuta!"

"Machakos!" akadakia Shangazi Syombua. "Si hapo kuna soko la mbuzi?"

Watu wakaanza kunong'ona kwa Kikamba. Kubadilisha mbuzi wa ntheo njiani si mchezo, ni kumdharau binti wa watu na ukoo wake, na unaweza kurudishiwa mbuzi wako mchana kweupe posa ikaishia hapo. Mueni alikuwa mlangoni na birika la chai, ananitazama, na niliogopa vile sijawahi kuogopa, kwa sababu nilimpenda sana huyo msichana.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Nimetanua picha. Mbuzi hawakuwa wanono hivyo hata kidogo!"

"Kumbe hii skrini ni ya uongo? Si umetuambia saa hii hakuna nzuri kama hii?"

"Ni nzuri, baba, ngoja tu..." Rimoti ilikuwa inateleza kwa jasho. Nikabonyeza, likaja jina lake kwa herufi kubwa. Nikabonyeza, ukaja mpira. Nikabonyeza tena na tena, mpaka weusi ukarudi pembeni na mbuzi wakarudi walivyoumbwa.

Lo! Na vile skrini ilikuwa safi, ungehesabu mbavu moja moja. Yule wa mwisho ungetundika kofia kwenye nyonga. Ulikuwa mwaka wa ukame, sawa, lakini mshahara wangu haukuwa na ukame.

Mzee akasogea karibu kabisa. "Sasa hawa ndio. Hawa nawajua." Akamwomba mjomba msamaha kwa kumdhania mwizi, kisha akanigeukia kwa ile sauti ya kuongea na shule nzima. "Mwalimu, hukutubadilishia mbuzi. Nashukuru umetuthibitishia kwamba hivi ndivyo ulivyotuchagulia tangu nyumbani."

Chumba kilivunjika kwa kicheko. Mueni alicheka mpaka akaweka birika chini. Mimi nilikuwa natafuta shimo niingie, lakini tarehe tulipewa siku hiyo hiyo, kwa sharti moja, nilete mbuzi mwingine, "wa upana ule wa kwanza."

Chuo kilinunua ile skrini, na ripoti yangu ilikuwa ya sifa tupu. Ila niliapa: picha ikija na weusi pembeni, weusi ukae. Na huyo mbuzi nilimtafuta soko la Masii wiki tatu, nikashika migongo mpaka wauzaji wakanichoka. Nilipomshusha Kathiani, mzee akamzunguka, akamminya kiuno, akaniuliza, "Huyu hujamtanua?"

"La, baba. Huyu ndivyo alivyo."

"Haya," akasema. "Sasa umejua kuoa."