Adelgunda wa Ndama, Mama wa Ubatizo Aliyekataa Rubisi

Alizaliwa Ndama, Karagwe, Novemba 1931, msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, akabatizwa juma lilelile. Ujana wake haukuwa na maono wala sauti kutoka mawinguni. Ulikuwa na jembe, migomba na rozari. Mumewe Rwezaura alikwenda vitani mwishoni mwa 1978, na mwaka uliofuata zikaja habari kwamba hatarudi. Mjane huyo akapata kazi ya upishi katika shule moja ya sekondari karibu na Bugene. Alikuwa akisema kwamba Mungu alimwita palepale jikoni, kwa kuwa msichana mwenye shida humwendea mpishi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Julai 1984 aliyemwendea ni Uwimbabazi wa kidato cha pili, ambaye Adelgunda mwenyewe alimsimamia ubatizo. Baba yake, Telesfori, alitoka Rwanda kuja kulima kahawa za watu. Mwalimu mmoja alimtuma binti huyo ampelekee madaftari nyumbani, akafunga mlango, akambaka. Jina la mwalimu silitaji. Ukurasa huu ni wa watu wa Mungu, naye hana nafasi humu. Adelgunda hakumhoji mtoto. Alimpa uji, akaketi naye, kisha akamwambia, "Mwanangu, kosa si lako." Akamfunga kitenge chake, wakaenda kwa miguu hospitali na polisi.

Na shule ilifanya nini? Ilimwambia binti akae nyumbani mpaka mambo yapoe. Aliyeumizwa atoke darasani, aliyeumiza abaki na chaki mkononi! Haki ya namna hiyo waliisoma kitabu gani?

Jumamosi iliyofuata ndugu wa mwalimu walifika kwa Telesfori na mbuzi, pamoja na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwa desturi, wazazi wa aliyekosewa wakishakunywa, kesi imekwisha, na hata polisi huambiwa kwamba watu wamepatana. Aliyewaongoza wageni ni Mzee Gaspari, mwenyekiti wa kigango, msomaji wa somo kila Jumapili, na ndiye mwenye shamba alilokaa Telesfori. Maskini Telesfori angekataa vipi? Alipokea mrija wa kunywea. Uwimbabazi alikuwa nyuma ya nyumba akimenya maharage, wala hakuna aliyemwita.

Hapo Adelgunda akaingia.

"Shikamoo, Mzee Gaspari. Kibuyu hiki hunywewa na wazazi wote, sivyo?"

"Marahaba. Ndivyo."

"Mimi ni mama yake wa ubatizo. Kila Pasaka unatufundisha kwamba msimamizi ni mzazi. Basi mzazi huyu hanywi."

"Hayo ni mambo ya kanisani, Mama Adelgunda."

"Basi kesho utangaze kanisani kwamba ubatizo wa mtoto huyu ni bure. Ukitangaza, nitakunywa."

Telesfori akaweka mrija chini, na wageni wakaondoka na mbuzi wao.

Kisasi hakikuchelewa. Adelgunda alifukuzwa kazi kwa neno la Gaspari. Telesfori aliondolewa shambani, Adelgunda akamkatia sehemu ya migomba yake. Kanisani watu walihama benchi aliloketi. Na mwalimu? Alihamishwa. Ndiyo, alihamishwa tu, akafundishe watoto wa wengine! Nasi tulikwenda kukomunika tukijiona watu wema. Naandika hili kwa aibu, maana nilikuwa mmoja wa waliohama benchi.

Adelgunda alishinda mlangoni pa mkuu wa shule siku tisa za masomo, binti akiwa kando yake na sare yake, mpaka yule bwana akachoka na kumrudisha darasani. Mwaka 1986 Uwimbabazi alifanya mtihani, akafaulu, akasomea ualimu. Baada yake walikuja wasichana wengine walioumizwa kama yeye, kutoka Nyaishozi na upande wa Kyerwa, kumi na mmoja kwa jumla, wakalala katika vyumba viwili vya mjane. Waumini husimulia kwamba kikapu chake cha maharage hakikuwahi kuisha. Sibishi. Muujiza ninaoujua mimi ni kwamba kila aliyeingia nyumba ile alirudi kwenye dawati.

Alifariki Agosti 1997. Siku tatu kabla, Mzee Gaspari, akitembelea mkongojo, alikwenda kumwomba msamaha. Adelgunda akamjibu, "Mimi ulininyima jiko tu, Mzee wangu. Nenda kwa Uwimbabazi. Na usiende na kibuyu."

Gaspari alikwenda Nyaishozi, akasimama nje ya darasa alimofundisha Uwimbabazi, akasema yote bila kujitetea. Mwalimu Uwimbabazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia, Mzee," akasema. "Kusamehe ni kwangu. Siku nikiwa tayari, nitakuja mwenyewe."

Akarudi kufundisha. Ndugu waamini, mnaotaka kumwiga Adelgunda, msimharakishe Uwimbabazi.