Usimsingizie Mungu

Damiano alipoondoka Msangano mwaka 1936 kwenda kwenye migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini, alimwahidi mkewe Anastazia kwamba angerudi kabla ya mavuno ya pili. Walikuwa wamefunga ndoa mbele ya padri, na binti yao Tabita alikuwa bado ananyonya. Zilikuja barua mbili, kisha kimya. Mwaka wa nne wasafiri waliopitia Tunduma wakaleta habari: Damiano ni mzima, ana mke mwingine huko, na watoto.

Osea, katekista wa kijiji, akaja kumfariji. Alimkuta uani akipura ulezi.

"Mama Tabita, pokea tu. Ni mapenzi ya Mungu."

Anastazia akainua fimbo ya kupuria. Osea akarudi nyuma hatua mbili.

"Mwalimu, usimsingizie Mungu! Mungu hakupanda lori kwenda Rhodesia. Aliyepanda ni Damiano."

Haukupita muda, shemeji yake Fanueli, ndugu wa Damiano, akaja na lake. Alitaka Anastazia aingie kwake awe mke wake wa pili. Anastazia alipokataa, Fanueli akamnyang'anya shamba la bondeni. Anastazia alihamia mlimani kwenye mawe, akalima huko, mtoto kando yake. Kila Jumapili alipiga magoti kanisani, meno ameyauma. "Uliona, ukanyamaza," alimwambia Mungu. "Haya. Lakini hapa siondoki."

Miaka kumi na saba ikatimia tangu Damiano aondoke. Mwaka 1953 Damiano akaletwa kwenye machela, kifua kimeharibiwa na vumbi la mgodi. Mke wa kule alikuwa amemfukuza. Kijiji kizima kilikusanyika kusikia Anastazia atasema nini.

"Mwingizeni," alisema. "Ila asiniite mke wake."

Alimpikia uji, akamwogesha, akamgeuza ubavu. Damiano alipoomba msamaha, Anastazia aliweka bakuli chini kwa kishindo akatoka. Lakini Damiano alipoomba aletewe padri, hakuna aliyetaka kwenda kumwita. Misheni ilikuwa mwendo wa siku mbili, na Osea alikuwa amezeeka. Fanueli alisema, "Huyo amekwisha, padri wa nini?"

Anastazia akajifunga kanga, akaenda mwenyewe, akifoka njia nzima.

"Umemsamehe?" Padri alimwuliza.

"Bado, Padri. Nikisubiri moyo wangu upoe, atakufa bila sakramenti. Twende."

Damiano aliungama, akapakwa mafuta matakatifu. Siku ya tatu alifariki.

Kaburini waliposali Baba Yetu, Anastazia alikwama penye "kama tunavyowasamehe na sisi". Watu wakamsubiri. Alisimama amekaza taya, machozi yanamtoka. Kisha akalisema neno lile kwa sauti ya ugomvi, akamaliza sala.

Wakiwa njiani kurudi, Tabita alimwuliza, "Mama, hasira imekwisha?"

"Ingekwishaje? Nimeshasema mbele ya Mungu, amenisikia. Iliyobaki ni kazi yake."