Wimbo wa Mapile Yaliyochoka

Mambo yote yalinigharimu mapile manne mapya ya redio na wimbo mmoja. Nimehesabu mara mbili, inatoka vilevile. Mapile niliyasamehe zamani. Wimbo ndio unaonirudia kila ninaposikia harufu ya betri iliyochomwa na jua, ile harufu ya chuma na chumvi iliyokuwa inashuka kutoka kwenye bati la nyumba yetu, mtaani Kadutu.

Enzi za Zaïre, nani alitupa pile eti imekwisha? Tuliianika juu ya bati kama muhogo, mchana ikapata joto, jioni ikaimba kidogo tena. Yetu yalikuwa yameanikwa mno, hata redio-kaseti ya papa, baba yangu, ilikuwa inavuta sauti kama mtu anayepanda mlima na gunia.

Kaseti yenye wimbo ule niliipata mimi, kwa mwalimu Mzungu aliyekuwa anauza vitu vyake kwenye baraza kabla ya kurudi kwao. Nilibishana naye bei mpaka akanipa bure, ili tu niondoke. Kwenye karatasi yake walisimama vijana wanne, nywele kama kuku aliyenyeshewa, suruali zimepasuka magotini. Papa akawatazama sana.

"Maskini," akasema. "Hawa batoto banafiwa."

Mama alikuwa ametuacha mwaka ule. Papa aliongoza kwaya ya parokia, misa ya kumkumbuka mama ilikuwa inakaribia, na yeye hakuwa na wimbo. Nyimbo zote alizozijua alikuwa amewaimbia wafu wa watu wengine. Jioni hiyo kaseti ikatoka nzito, ya chini, inajikokota. Papa akainamisha sikio.

"Sikia. Huyu kijana analia ya kweli."

Akaichukua sauti ile, akaiwekea maneno ya Mashi, lugha yetu ya nyumbani, ya kumuaga mama. Nilimsikia akiuimba jikoni, taratibu, huku akipepeta mchele.

Mimi nikaona aibu, wimbo wa mama kutolewa na redio yenye kikohozi. Nikabeba mizigo ya watu sokoni mpaka nikanunua mapile manne mapya. Jumamosi kwaya ilipokuja kwetu kujifunza, nilikuwa nimekwisha kuyatia, kimya kimya, zawadi yangu kwa papa. Akabonyeza.

Ngoma zikamwagika kama mvua ya mawe. Gitaa likakwaruza kama msumeno kwenye ubao mbichi, na yule kijana wetu mwenye huzuni akapiga kelele kama ameingiliwa na siafu ndani ya suruali. Maman Nabintu, aliyeongoza sauti za wanawake, alishika kiuno.

"Yee, Papa Cirhuza! Hawa ndio bafiwa? Hawa banakimbiza mwizi!"

Kwaya nzima ikaanguka kwa kicheko. Na mimi, niwaambie ukweli, miguu ilikuwa inanicheza yenyewe. Sikuwahi kusikia kitu kitamu hivyo.

Papa aliuacha wimbo ufike mwisho. Akatoa mapile moja moja, akaniwekea mkononi.

"Aksanti, mutoto yangu. Rudisha dukani, labda batakubali."

Kadutu, nani anakubali? Kwenye misa ya mama waliimba ule wimbo wa misiba ya kila mtu. Ule wake papa hakuuimba tena, hata peke yake akioga.

Kaseti ilibaki kwangu, nikaipenda kwa kelele zake. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto siku niliyojikuta nafuata yule kijana kwa mdomo, polepole, huku nikifua shati. Ulikuwa ni wimbo wa papa, kila mahali unapopanda na unaposhuka. Kijana alikuwa analia kweli, ana haraka tu. Papa alikuwa amesikia vizuri kuliko sisi wote, na mtu wa kumwambia hivyo alikuwa mimi. Lakini tulikuwa tumekwisha kumzika, kule kijijini Nyangezi.

Sasa misa yake inakaribia, na kwaya inauliza tuimbe nini. Maman Nabintu, leo mwanamke mzee, anasema hataamini kwamba kijana yule analia mpaka asikie kwa masikio yake, na redio-kaseti yangu ya umeme inajua kukimbia tu. Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu kuna mapile yaliyochoka, tafadhali msiyatupe. Nileteeni manne. Nitayalipa bei ya mapya, na sitabishana.