Nilificha ugonjwa, manda zangu zikapasuka kwenye futari ya kwanza

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa pwani na wa bara.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Anayenijua hapa Junda, Kisauni, akisoma mistari miwili tu atajua ni nani, na sijali tena. Nitayasema yalivyo, hata pale nilipofanya ujinga.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane. Kazi yangu ni kuchoma manda.

Kwa wasiojua, manda ni ile karatasi ya unga inayofungiwa sambusa. Unakanda unga, unakata matonge, unasukuma vichapati vidogo. Unavipaka mafuta, unanyunyiza unga, unavipanga kimoja juu ya chengine hadi vinane, halafu unasukuma rundo lote liwe duara moja kubwa. Unalitia kwenye tava, kile kikaango bapa, unaligeuza, na likitoka tu, bado linaunguza, unabandua moja moja kwa vidole.

Likipoa, basi. Zinashikana. Ukizilazimisha zinachanika, au zinabaki na vitundu ambavyo huvioni mpaka siku ya kukaanga.

Marehemu mama alikuwa akibandua huku anapiga soga na watu mlangoni, hata haangalii. Alipofariki wateja wake wakabaki kwangu, na mimi nikajiwekea lengo: nitoe pakiti mia kwa msimu mmoja wa Ramadhani. Mama hakuwahi kufika mia. Nililiandika kwa kalamu ya wino kwenye mlango wa kabati la vyombo, mpaka leo liko pale.

Mwaka huo huo vidole vikaanza.

Mwanzo ilikuwa asubuhi tu. Naamka, mkono haufungi. Kukamua kitambaa siwezi, kifungo cha dera siwezi. Nikasema ni baridi ya kufua. Nikasugua mafuta ya simsim, nikasugua ya nyonyo, nikasomewa. Jirani mmoja akaniambia ni husda ya wachoma manda wenzangu, na siwafichi, nilifurahi kidogo kusikia kwamba kuna mtu ananihusudu.

Kliniki wakaniambia ni baridi yabisi, ile ambayo mwili wenyewe unavipiga vita viungo vyake. Dawa kila wiki, vipimo kila baada ya muda, na haina siku ya kumaliza dozi ukaaga. Dokta alikuwa mpole sana. Akasema, "Mama, kazi fanya, lakini pole pole. Mwili ukikwambia pumzika, pumzika."

Wakuu, mimi neno "pumzika" linanipandisha mori. Ni mtu ambaye hata nikila nasimama. Nikikaa dakika kumi naanza kupanga upya mabakuli. Nilimwitikia dokta "sawa", na nikiwa bado kwenye geti la kliniki nikapokea oda ya pakiti sita.

Sikumwambia mteja hata mmoja. Mtu akishajua unaumwa, kwanza anakuonea huruma, halafu anakwenda kununua kwa mwengine. Huruma yao sikuitaka, na wateja wale walikuwa wa mama.

Aliyejua ni wifi yangu Rukia peke yake, kwa sababu tunaishi nyumba moja na alikuwa ananiona asubuhi nikishika kikombe cha chai kwa viganja viwili.

Sasa twende Ramadhani ya mwaka jana.

Wiki mbili kabla ya mwandamo ndio msimu wetu. Kila nyumba inataka kufunga sambusa mapema iziweke kwenye friji. Simu haikai chini. Nikaandika oda, nikajumlisha, zikafika pakiti tisini na nne. Nilipoona tisini na nne nilichanganyikiwa kwa furaha. Zilibaki sita tu!

Oda kubwa zaidi ilikuwa ya Bi Mwanajuma wa Jomvu Kuu, pakiti thelathini. Huyu alikuwa mteja wa mama tangu mimi ni mtoto. Kila mwaka yeye na jamaa zake hupeleka sambusa msikitini kwao kwa futari ya kwanza. Ni mtu wa maneno machache na yote makali.

Rukia aliniuliza mara moja tu. "Wifi, utaziweza zote hizi?"

Nikamwambia aniache.

Siku nne za kwanza zilikwenda. Nilikuwa nameza vidonge vya maumivu juu ya dawa zangu, jambo ambalo dokta alinikataza, naomba mtu yeyote asiniige. Siku ya tano pete haikutoka kidoleni. Siku ya sita magoti nayo yakajiunga, nikavuta kiti nikachomea nimekaa. Siku ya saba nikaanza oda ya Bi Mwanajuma, ya mwisho kwenye orodha.

Nikatoa rundo la kwanza kwenye tava, nikagusa, nikalia kwa sauti. Ule moto niliozoea miaka yote ulikuwa kama naguswa kwenye mfupa.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Nikaliacha lipoe kidogo. Nikajiambia kidogo tu, mpaka nivumilie. Likaja la pili, nikaliacha kidogo zaidi. Nilipokuja kubandua zilikuwa zimeshikana, lakini nikivuta kwa makini zilitoka. Nyengine zilichanika, nikazitupa. Nyengine zilitoka nzima, au niliziona nzima kwa sababu nilitaka kuziona hivyo. Kwa siku tatu nikakata, nikapanga, nikafunga pakiti thelathini. Rukia akazipeleka Jomvu Kuu.

Mimi nikalala chini hapo hapo jikoni, kwenye sakafu, kwa sababu ilikuwa ya baridi na nilifurahi. Niliona nimeshinda.

Futari ya kwanza ikaingia. Magharibi imesaliwa, bado natafuna tende, simu ikalia. Bi Mwanajuma. Hakunisalimu.

"Mwanaisha, hizi ulizoniletea ni manda au nyavu?"

Nikaitoa tende mdomoni.

"Nyama yote ya kima imo mafutani. Sambusa zimefunguka zote, karai zima! Watu wako msikitini wangoja, nimewapelekea tende na maji." Akakata.

Nikiwaambia niliona haya, hilo neno ni dogo. Nilitamani kuhama Kisauni. Pesa yake nilimrudishia kwa simu saa ile ile, hakujibu kitu. Kesho yake sikuinuka kitandani, na wiki mbili za kwanza sikuinuka kabisa. Mwili ulikuwa unadai kila siku niliyoulazimisha. Kliniki walinibadilishia dawa, na dokta yule mpole safari hii hakuwa mpole.

Ramadhani nzima nililala nikitazama dari na kugombana na kila mtu. Rukia akileta uji namwambia una sukari nyingi. Asipoleta namwambia amenisahau. Nilikuwa nazifungua stetasi za wachoma manda wengine, naangalia pakiti zao, nazima simu, nawasha tena. Hasira yangu yote ilikuwa juu ya mikono hii miwili na sikuwa na pa kuipeleka.

Baada ya Idi nikaweza kutembea. Nikavaa buibui nikaenda Jomvu Kuu kuomba radhi.

Njiani nilitunga uongo. Nilitaka kusema unga wa msimu ule ulikuwa mbaya.

Nilimkuta Bi Mwanajuma barazani anachagua mchele kwenye sinia.

"Shikamoo Bi Mwanajuma."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Nikaanza, "Bi Mwanajuma, ule unga wa mwezi ule..."

"Unga ule ule nimepikia mahamri mwezi mzima. Hauna neno."

Uongo wangu ukaishia hapo. Yeye akafanya jambo ambalo kwetu kila mwanamke mwenye nyumba humfanyia mgeni wa kike: akanisukumia sinia nisaidie kuchagua huku tunazungumza. Ni jambo la kawaida kabisa, hata hulifikirii.

Nikatia mkono kutoa kijiwe. Kidole hakikukishika. Nikajaribu tena. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto. Kile kijiwe kikawa kinanikimbia kwenye mchele mbele ya macho yake, na mimi jasho linanitoka.

"Hebu lete mikono," akasema.

Nikampa. Akaigeuza, akabonyeza vifundo, nikashtuka.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Na mikono hii ndiyo ilochukua oda yangu ya pakiti thalathini?"

"Nilitaka kuziweza, Bi Mwanajuma. Sikutaka wateja wa mama wapotee mikononi mwangu."

"Mimi nilikuagiza manda, Mwanaisha. Sikukuagiza ujitese." Akairudisha mikono yangu mapajani mwangu kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Ungenambia ningechukua kumi kwako, ishirini kwa mwengine. Basi! Wallahi ningekuwa na sambusa, na wewe ungekuwa na mikono. Sasa mimi nimeaibika na wewe umeumia. N'ambie nani alofaidi."

Nikalia. Hakunibembeleza, aliendelea kuchagua mchele. Nilipotulia nikamuuliza kama amenisamehe.

"Nimesamehe. Manda ni jambo jengine. Mwakani tutazungumza."

Wakuu, hiyo "tutazungumza" iliniweka roho juu mwaka mzima.

Nikaanza kujifunza kazi yangu upya, na sio kwa kupenda. Asubuhi sigusi unga. Naweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ifunguke, na kuna siku inafunguka saa nne, kuna siku haifunguki na hakuna kazi. Nilipunguza rundo, badala ya vichapati vinane nikapanga vinne. Mama angecheka. Lakini vinne navimaliza kubandua kabla havijapoa, na huo moto nauvumilia. Unga naukanda laini zaidi na kuuacha muda mrefu ili usinipiganishe kwenye kusukuma.

Na hapa niwaambie kitu kinachoniudhi. Unga nauacha upumzike saa nzima chini ya kitambaa na sioni vibaya. Mimi mwenyewe nikipumzika dakika ishirini nahisi naiba.

Hilo halijaisha. Msidhani nimekuwa mtu mtulivu. Kuna siku nilichoma marundo kumi kwa hasira tu, kwa sababu mtu aliniambia "pole" barabarani, na nikailipia siku tatu kitandani. Wateja nimewaambia ukweli wote. Wengine walikwenda, kama nilivyohofia. Wengine walibaki na sasa wanauliza kwanza kama leo mikono imeamka vizuri.

Mwaka huu, wiki tatu kabla ya Ramadhani, simu ikalia. Bi Mwanajuma.

Hakusema niletee ngapi. Alisema, "Waweza ngapi?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya lile kabati. Ulimi ulikuwa tayari na thelathini. Nilitaka kufuta ile aibu yote kwa mpigo mmoja. Nikaisoma ile mia mlangoni mpaka akauliza kama simu imekatika.

"Kumi," nikasema. Ilinitoka kwa shida, kama naungama kosa.

"Kumi. Ukiniletea ya kumi na moja n'tairudisha na aloileta."

Nilizifanya kwa siku tano, pakiti mbili kwa siku. Kila moja niliinua juu ya mwanga wa dirisha nikatafuta vitundu. Siku ya tano nilimaliza mapema. Saa tisa alasiri, mikono iko sawa kabisa, haiumi, tava lina moto, na unga wa kutosha rundo jengine umebaki kwenye bakuli. Miaka mitatu sijawahi kuwa na alasiri kama ile. Ningeweza kuchoma. Nguvu zilikuwepo, nazisikia mpaka kwenye vidole.

Nikazima jiko.

Halafu nikazunguka uani kama mwehu. Nikafagia palipofagiwa. Rukia akaniuliza nimepoteza nini. Nilikuwa na hasira ya kutaka kulia, kwa sababu kuacha kazi ukiwa umeshindwa nimezoea, lakini kuacha ukiwa bado unaweza, hilo sikuwa nimewahi kulifanya maishani mwangu.

Kesho yake niliamka na mikono ikafunga kikombe, kila mkono peke yake.

Futari ya kwanza nilikaa na simu mapajani. Magharibi ikapita, isha ikapita. Bi Mwanajuma hakupiga. Kwa anayemjua Bi Mwanajuma, asipopiga ndiyo sifa yenyewe hiyo. Rukia alicheka mpaka akapaliwa.

Somo nililopata ni hili, na nimelilipia. Nilidhani kuficha ugonjwa ndiko kulinda lengo langu. Kumbe nilikuwa nauacha ugonjwa uiharibu kazi yangu kimya kimya. Ukiwaambia watu kiasi unachoweza, wanaobaki unaweza kuwatengenezea kitu kizima. Pakiti mia bado nazitaka, hata kama si kwa msimu mmoja, sitawadanganya. Labda zitachukua misimu mitatu, labda kumi, labda nitakufa ziko sabini na mbili.

Sasa nawauliza nyinyi mnaoishi na maradhi yasiyoisha, iwe sukari, presha, selimundu, chochote. Kupumzika nikiwa hoi nimeshajua. Siku ile mwili umekubali, nguvu zipo, na unajua ukizitumia zote kesho utalala kitandani, nyinyi mnakaaje na hizo nguvu zilizobaki? Mnazipeleka wapi? Andikeni hapa chini, hata kwa neno moja, kwa sababu ni saa tisa alasiri, mikono yangu leo ni mizima, na nimeshazima jiko.