Mkunga wa Kasese, Mkunga wa Karambi

Siku yangu ya kwanza katika zahanati ya misheni pale Kasese nilichekwa. Nilimuuliza mama mjamzito, "Mtoto wako wa mwisho anaitwa nani?" Akasema, "Robert." Nikabaki nimeduwaa na kitambaa mkononi.

Vijana mtaniuliza, jina la nini? Kwetu Butembo, upande wa Kongo, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Masika ni binti wa kwanza. Ukisikia Mbusa, jina la mwana wa sita wa kiume, jua mama huyo amezaa sana na mji wa mimba umechoka. Wamama wengi hawapendi kuhesabu watoto wao kwa mdomo, ila jina wanataja. Wakonzo wa upande huu wa mpaka wana desturi hiyohiyo. Lakini Kasese ilikuwa na mgodi wa shaba, na wake za wachimbaji walitoka kila pembe ya Uganda. Robert ni wa ngapi? Sijui mpaka leo!

"Wewe unabatiza au unazalisha?" Sista Mkubwa, msimamizi wetu, akaniuliza.

Nilikuwa nimekimbia vita vya Kongo, miaka ile ya sitini. Masomo yangu ya ukunga, niliyosoma kwa Kifaransa, Uganda hayakutambuliwa, kwa hiyo mshahara hakuna. Mume wangu aliuza chumvi na samaki wa Katunguru, tukala. Mimi nikasema, basi nijitolee, mikono isisahau kazi. Lakini wapi?

Sista alikuwa na vitanda, taa na dawa. Mkubwa wa gombolola, yaani tarafa, ya Karambi, kule mpakani juu ya mji wa Bwera, alikuwa na chumba cha udongo. "Hapa iko wamama tu," aliniambia. "Kitu ingine hakuna. Wewe si mutu wetu?"

Kichwa kilinizunguka. Mume alisema Kasese, katekista alisema Karambi, jirani alisema nirudi nikalime. Nikaona nijigawe: juma hili Kasese, juma lijalo Karambi. Nilijiona mwerevu, kumbe nimewachanganya wote, na mimi mwenyewe zaidi. Asubuhi nyingine niliamka nisijue ni zamu ya wapi.

Mchana mmoja lori la pamba likasimama mbele ya zahanati. Likashusha mama wa Karambi, uchungu umemshika tangu jana yake. Nikamuuliza jina la mtoto wa mwisho.

"Mbusa."

Nikageuka kumwambia Sista. Sista alikuwa ameshampima tumbo kwa mikono na sindano ya kukaza mji wa mimba ilikuwa tayari. Mtoto alitoka vizuri, kisha damu ikafuata, nyingi. Nikawa nakanda tumbo, maana mji wa mimba usipokazana mishipa haifungi. Sista akachoma sindano. Nilikanda huku nalia waziwazi, mpaka nikausikia umekuwa mgumu chini ya kiganja.

Mama yule alipopata sauti hakunishukuru. "Nilikufuata kule Karambi," alisema. "Wananiambia eti uko Kasese. Sasa weye uko wa wapi?"

Juma lile nilimuaga Sista nihamie Karambi.

"Huko huna hata kitanda!" alifoka.

"Najua, Sista."

Akanuna, halafu akanifungia sindano na dawa kwenye kitambaa, bila kunitazama.

Mnadhani hapo akili ilitulia? Thubutu! Mara nilipohamia Karambi, wamama wa Karambi wakaanza kusikia sifa za vitanda vya Kasese, wakawa wanapanda malori kwenda huko. Miaka ya sabini ilipoingia na malori yakawa adimu, wakarudi kwangu. Kama nilichagua vizuri, hata leo sijui. Vijana wakija kuniuliza wajitolee wapi, nawapikia chai.

Nilipoacha kazi, macho yakiwa yamechoka, nilivuka mpaka kumwona dada yangu Butembo. Alinipeleka nione hospitali niliyosomea. Muuguzi kijana mlangoni akanisalimu kwa heshima, akauliza, "Mama, weye ni wa wapi?"

"Wa Karambi," nikasema, hata sikufikiri.

Dada yangu alikuwa kando yangu. Nyumba tuliyozaliwa sote wawili ilionekana kutoka pale tuliposimama. Alichukua mkoba wangu.

"Basi twende," alisema, "nikusindikize kwenye gari, usichelewe kwenu."