Kiu ya Hittin

Ilikuwa Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, katikati ya Ramadhani, mwalimu wa Historia aliponiita mbele kwa mara ya tatu nieleze vita vya Hittin. Mara mbili za mwanzo nilikuwa nimesimama, nikalia, nikarudi kitini. Safari hii alikuwa amenionya: nikishindwa, nitaliacha darasa lake nikasome Biashara. Nami sina somo jingine nilipendalo.

Darasa zima lilikuwa limechoka. Midomo mikavu, vichwa juu ya madawati. Nikachora ubaoni chemchemi upande mmoja, ziwa upande wa pili, na kati yake kilima chenye pembe mbili, Hittin. Nikasema jeshi la Msalaba liliziacha chemchemi wakati wa jua kali, likakata nyanda kavu ili liwahi mji uliozingirwa kando ya ziwa. Halikufika. Jeshi la Sultani wa Waislamu lililizunguka, likalichomea nyasi, moshi ukawajaa askari kooni na ziwa wanaliona.

"Sauti, bi harusi!" akasema msichana wa Mwabungo anayekaa nyuma, maana nilikuwa nikisema kwa sauti ndogo. "Kwani hawakuwa na majembe hao? Si wangechimba kisima tu?"

Wakacheka. Kwao huku pwani ukichimba kidogo tu unapata maji, basi wanadhani dunia nzima iko hivyo.

"Kwetu Samburu, huko Kinango, utachimba mpaka ufe," nikasema.

Kisha sijui nini kilinipata, nikawaambia. Mwaka wa ukame nilimsindikiza mama kuhamisha ng'ombe. Kwetu hulipiti lambo lenye maji bila kunywesha, hata kama umechelewa. Mama alitaka kusimama. Mimi ndiye niliyemwambia twende, la mbele li karibu. Tukalikuta tope lililopasuka. Ng'ombe wetu wakalala chini mmoja mmoja, wasiinuke tena. Ndiyo sababu ninaishi Msambweni kwa shangazi.

Hakuna aliyecheka.

"Haya," akasema mwalimu, "na vita hivyo vilibadilisha nini baadaye?"

Nikageukia ubao. Machozi yakaja.

"Kesho, kabla ya kipindi cha kwanza," akasema, naye amechoka. "Na hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, mwanangu."

Asubuhi nilisimama palepale. Nikasema kwamba ili kulijaza jeshi lile, ngome na miji iliachiwa walinzi wachache. Jeshi lilipokwisha pale kilimani, miji ikaanguka mmoja baada ya mwingine, na baada ya miezi michache mji mtakatifu wenyewe, Baitul Muqaddas. Ndipo Ulaya ikatuma majeshi mengine, na vita vikaendelea miaka mingi.

"Rudia," akasema mwalimu. "Nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Akaniambia nikae, wala hakuitaja tena Biashara. Nikafungua daftari la Historia, nikaandika tarehe, halafu nikalaza kichwa juu yake.